Kijineno Nyuma ya Jina

Profesa aliyenisimamia kule Kobe alikuwa akiniita Salimu-kun. Miezi miwili mizima nilitembea kifua mbele. Nilishasikia kwamba Wajapani hawamwiti mtu jina lake kavukavu, lazima kuwe na kijineno nyuma yake, nikaona na mimi nimepewa heshima yangu kama wengine. Sikujiuliza kwa nini dada wa maabara anaitwa san, mhasibu mzee anaitwa san, na kun tumebaki mimi na vijana wawili wa mwaka wa kwanza.

Aliyenitoa tongotongo ni mama mwenye nyumba wangu. Nilipanga chumba cha juu nyumbani kwake Nishinomiya, mji uliobanwa kati ya Kobe na Osaka, penye uwanja wa besiboli wa Koshien ambao kelele zake jioni zilikuwa zinatufikia mpaka jikoni. Alikuwa na miaka 70 na ushee, mjane, na mimi nilimwita Bibi tu, kwa Kijapani chake. Siku moja akanisikia najitambulisha kwenye simu: "Ni mimi, Salimu-kun." Alicheka mpaka akaegemea friji. Kwanza, akasema, mtu hajipachiki heshima mwenyewe. Pili, hiyo uliyojipachika wala si heshima unayoidhania. Kun ni ya mwalimu kwa mwanafunzi wa kiume, ya bosi kwa karani mchanga, ya mkubwa kwa mdogo. Si tusi hata kidogo, ina upendo wake, lakini upendo wenyewe unatoka juu kuja chini. Nikalitafutia neno la kwetu nikapata lile "kijana" la mzee anayekutuma dukani.

Halafu akafuta machozi ya kicheko na kusema jambo ambalo sikulitegemea. Bungeni kwao, akasema, wote ni kun. Mawaziri ni kun, wazee wa miaka 80 ni kun, waziri mkuu mwenyewe ni kun. "Isipokuwa wakati wa Otaka-san."

Hivyo ndivyo nilivyolisikia jina la Doi Takako kwa mara ya kwanza. Kwa Wajapani jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo Doi ni ukoo na Takako ni yeye. Otaka-san ni jina la mtaani, la mapenzi, lenye ladha ya kizamani kidogo, kama sisi tunavyosema Bi Taka. Ilikuwa mwaka 2006. Mwaka mmoja nyuma mwanamke huyo alikuwa ameshindwa uchaguzi na kutoka bungeni baada ya miaka 36, na kwenye televisheni hakutajwa tena. Bibi, yeye, alimtaja kama jirani aliyehama.

Nieleze kidogo kuhusu hicho kijineno, maana ndicho kilichonivuta. Bunge la Japani lilikutana mara ya kwanza mwaka 1890, na wabunge wakazoea kuitana kun. Herufi yake ndiyo ileile inayoandika neno la "bwana" au "mtawala". Kwa hiyo kwa mabwana wale wenye masharubu, kuitana hivyo kulikuwa namna ya kusema hapa ndani sote tuko sawa. Tatizo ni kwamba usawa huo uliwahusu wanaume pekee, kwa sababu ndani hamkuwa na wengine. Kijineno kikabaki. Wanawake walipoingia baadaye walikikuta kimeshakaa, nao wakawa kun.

Sisi Watanzania tusicheke sana. Wazee wetu bungeni walikuwa Ndugu, wote, kuanzia waziri mpaka mbunge wa kijiji cha mwisho. Vikaja vyama vingi na Ndugu akawa Mheshimiwa, na sasa hata diwani ukimwita kwa jina lake tu anageuza shingo taratibu. Namna watu wanavyoitana bungeni haiji yenyewe tu.

Doi alizaliwa Kobe Novemba 1928, binti wa daktari. Mwaka 1945 ndege za Marekani zilipoichoma Kobe kwa mabomu ya moto alikuwa na miaka 16, na alikuwa mjini. Baada ya vita akasoma sheria Chuo Kikuu cha Doshisha, Kyoto, akabaki kufundisha. Somo lake lilikuwa Katiba. Hapo ni lazima kukumbuka Katiba yenyewe ilikuwa mpya kabisa, imeanza kutumika Mei 1947. Ibara yake ya 9 inaikana vita. Ya 24 inasema ndoa itasimama juu ya ridhaa ya wawili na haki sawa za mume na mke, na aliyeandika rasimu ya ibara hiyo ni binti wa miaka 22, Beate Sirota, aliyekulia Tokyo na kurudi na jeshi la Wamarekani kama mkalimani na mtafiti. Kwa kizazi cha Doi, karatasi ile ilikuwa kama hati ya nyumba. Kuna watu wanaoingia kwenye siasa kwa ajili ya ukoo au biashara. Yeye aliingia na hati mkononi, na miaka yote alikuwa mtu wa kuangalia nani anataka kuibadilisha.

Alivyoingia kunachekesha. Mwaka 1969 Chama cha Kisoshalisti kilimtaka agombee, akakataa. Habari zikavuja gazetini. Wakati huo alikuwa mjumbe wa kamati ya utumishi ya jiji la Kobe, akaenda ofisi za jiji kukanusha. Inasimuliwa kwamba naibu meya alimpokea kwa tabasamu akamwambia, kwa maana hii: wewe si mjinga kiasi cha kuacha kazi ukagombee uchaguzi unaojua utashindwa. Doi akajibu hapohapo kwamba sasa ameamua, anagombea. Desemba ile chama chake kilipigwa vibaya nchi nzima, yeye akapita.

Bibi aliisimulia habari hii akiigiza sauti zote mbili. Sauti ya naibu meya ilikuwa na kun ndani yake hata pale ambapo neno lenyewe halikutamkwa.

Miaka 10 ya kwanza bungeni sina mengi ya kusema, alikaa kwenye kamati za mambo ya nje na kujifunza kazi. Lakini kuna jambo moja la miaka ile ambalo kwangu linazidi yote yaliyofuata. Kwa sheria ya uraia ya mwaka 1950, mtoto alikuwa Mjapani iwapo baba yake ni Mjapani. Mama hakuhesabika, ila pale ambapo baba hajulikani au hana uraia wowote. Fikiria Okinawa, kisiwa kilichojaa kambi za jeshi la Marekani. Msichana wa Kijapani anaolewa na askari, wanazaa, askari anahamishwa au anapotea. Mtoto si Mjapani, kwa kuwa baba si Mjapani. Na Umarekani nao haupati, kwa sababu baba hakumwandikisha, au hakuwa ameishi kwao miaka ambayo sheria ya kwao inataka kabla ya kumrithisha mtoto uraia. Mtoto anazaliwa Japani, anaongea Kijapani, anakula miwa ya Okinawa, na hana nchi. Kama mama yake asingeolewa kabisa na baba akaandikwa hajulikani, angekuwa Mjapani bila shida. Yaani sheria ilimwadhibu yule aliyefunga ndoa.

Doi aliling'ang'ania suala hili bungeni mwaka baada ya mwaka, akiwauliza mawaziri swali lilelile kwa njia tofauti: mama si raia? Mwaka 1980 Japani ilitia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na kuanzia hapo serikali ikabanwa na saini yake yenyewe. Sheria ilirekebishwa mwaka 1984, ikaanza kutumika Januari 1, 1985. Mtoto wa mama Mjapani akawa Mjapani. Hata somo la upishi na ushonaji, ambalo sekondari lilikuwa lazima kwa wasichana peke yao, likaja kuwa la wote miaka ya tisini. Hakufanya peke yake, walikuwepo wanawake wengi nje ya bunge na wachache ndani, na yeye alikuwa mmojawapo.

Wakenya watalielewa hili haraka kuliko mimi. Mpaka Katiba ya 2010, mama Mkenya aliyejifungua nje ya nchi hakuweza kumpa mtoto uraia wake kama baba alivyoweza. Nina binamu yangu wa Mombasa aliyezunguka na faili la mtoto chini ya kwapa miaka miwili. Nikimweleza habari ya Okinawa akasema, "Kumbe hata Wajapani!" kwa sauti ya mtu aliyefarijika.

Julai 1986 Wasoshalisti walianguka uchaguzi, wakabaki na viti 85 kati ya 512 vya baraza la chini, maana Bunge lao lina mabaraza mawili. Mwenyekiti akajiuzulu, na wazee wa chama wakaanza kumwangalia Doi. Sote tunajua kiti cha mwenyekiti kinapoletwa kwa mwanamke: chombo kikishaanza kuvuja. Alijua na yeye. Alipokubali, Septemba ile, alitoa neno moja la mtaani, yarukkyanai, ambalo Kiswahili chake ni "hapa ni kupiga kazi tu, hakuna namna". Likageuka msemo wa nchi nzima. Hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza chama kikubwa Japani kabla yake. Na kwenye baraza lile la watu 512, wanawake waliokuwa wamechaguliwa, pamoja na yeye, walikuwa 7. Wanawake walipopiga kura kwa mara ya kwanza, Aprili 1946, waliingia 39. Miaka 40 na hesabu ilikuwa imerudi nyuma namna hiyo.

Magazeti yalihangaika naye. Alikuwa mrefu, sauti nzito, hajaolewa. Anapenda karaoke, anapenda pachinko, zile mashine za vigololi zenye kelele za kupasua kichwa, na ni shabiki wa Hanshin Tigers, timu ya Koshien ambayo mashabiki wake wana ugonjwa kama wetu wa Simba na Yanga. Kwa mwanasiasa wa kiume hayo ni mambo ya kumfanya mtu wa watu. Kwake yaliandikwa kama dalili.

Bibi alikuwa na chupa ya kachumbari kwenye rafu ya jikoni, imejaa sarafu. Si za mia, si za kumi. Zote za yeni 1. Kama hujawahi kuishika, sarafu ya yeni 1 ni ya alumini, ina uzito wa gramu 1 barabara, ukiiweka mkononi huisikii. Siku aliyonisimulia habari ya mwaka 1989 alijaza bakuli maji, akachukua sarafu moja kwa ncha za vidole na kuilaza juu ya maji. Ikaelea. Akaongeza ya pili, ya tatu. Tukazitazama zinavyosogeleana zenyewe katikati ya bakuli.

"Hizi ndizo zilizoiangusha serikali," akasema.

Aprili 1, 1989 serikali ya chama tawala, LDP, ilianzisha kodi ya matumizi ya asilimia 3, ndugu wa VAT yetu. Wapinzani walikuwa wamepambana nayo bungeni Desemba iliyotangulia kwa mbinu yao maarufu ya mwendo wa ng'ombe: mbunge akiitwa kupiga kura anatembea hatua moja, anasimama, anaangalia dari, hatua nyingine, na kura moja inakula masaa. Ikapita hivyohivyo. Asubuhi ya Aprili kitu cha yeni 100 kikawa cha 103, na akina mama wote wa Japani wakaanza kuhesabu vijisarafu ambavyo kabla ya hapo viliokotwa na watoto. Kodi nyingine mtu hukatwa kimyakimya kwenye mshahara. Hii uliisikia inagonga mezani kwa muuza tofu kila siku, mara tatu.

Wakati huohuo ilikuwa imefumuka kashfa ya kampuni ya Recruit, iliyogawa kwa wanasiasa hisa za kampuni tanzu kabla hazijaingia sokoni ili wazichume zikipanda. Waziri mkuu Takeshita akaondoka. Akaletwa Uno Sosuke, na siku chache baadaye mwanamke aliyewahi kuwa geisha akalieleza gazeti la wiki kuhusu uhusiano wao na pesa aliyompa. Wakulima nao walikuwa na kisasi chao: serikali ilikubali kuwafungulia Wamarekani soko la nyama na machungwa. Katikati ya kampeni, waziri wa kilimo akasimama akasema wanawake hawana kazi kwenye siasa. Nadhani hakuna mpiga debe aliyemfanyia Doi kazi nzuri kuliko yule bwana.

Doi alisimamisha wanawake. Wake wa nyumbani, walimu, wanasheria, watu ambao hawakuwa na mtandao wala baba mbunge. Magazeti yakawaita Madonna, jina la kusifia na kudharau kwa pamoja. Julai 23, Wasoshalisti walipata viti 46 vya baraza la juu, LDP 36. Katika mikoa 26 yenye kiti kimoja kimoja, ile ya mashambani ambayo LDP iliihesabu kama ghala lake, ilipata 3. Wanawake 22 wakapita kwa mpigo. Tangu iundwe mwaka 1955 LDP haikuwahi kupoteza wingi kwenye baraza lile. Usiku ule Doi alisema mlima umesogea, akiazima mstari wa mshairi wa kike wa mwaka 1911.

Uno alidumu siku 69. Agosti 9 mabaraza yote mawili yakapiga kura ya kuteua waziri mkuu mpya. Baraza la chini likamteua Kaifu Toshiki wa LDP. Baraza la juu likamteua Doi Takako. Katiba yao, Ibara ya 67, inasema wakitofautiana la chini ndilo linaloshinda. Mwalimu wa Katiba alikoseshwa uwaziri mkuu na Katiba aliyoifundisha, na sijasoma popote kwamba alilalamika.

Nilimuuliza Bibi kwa nini basi uchaguzi uliofuata hakushinda. Akaniangalia kama mtoto. "Hawakuweka watu."

Nilidhani anaongea kwa mafumbo, nikaja kusoma baadaye nikakuta ndivyo ilivyo, kwa tarakimu. Februari 1990, uchaguzi wa baraza la chini, viti 512, ili uunde serikali peke yako unahitaji 257. Wasoshalisti walisimamisha wagombea 149. Hata wote wangepita, wasingeweza. Sababu ni mfumo wa wakati ule. Jimbo moja kwa kawaida lilikuwa na viti 3 mpaka 5, mpiga kura ana kura moja. Chama kikitaka viti viwili jimboni lazima kisimamishe watu wawili, na hao wawili wanagombania mfuko mmoja wa kura. LDP walishazoea vita hiyo, kila mmoja na kambi yake na mfadhili wake. Msoshalisti aliyekaa miaka 20 kwenye kiti chake cha uhakika, akibebwa na chama cha wafanyakazi, hakutaka mwenzake aletwe jimboni, hata mwanamke wa Otaka-san, hata upepo uvume namna gani. Kiti kimoja cha uhakika mkononi mwake kilikuwa bora kuliko serikali ambayo haijazaliwa. Walipata viti 136, wakashangilia, kwani walitoka 85. LDP wakapata 275 na kuendelea kutawala.

Hapo ndipo ninapomwonea huruma kuliko mahali popote, na pia kumlaumu. Wananchi walimpa mlima, chama chake mwenyewe kikamnyima ngazi, na yeye hakugombana nao vya kutosha. Mwaka 1991 walipofanya vibaya kwenye chaguzi za mitaa alijiuzulu uenyekiti.

Mwaka 1993 LDP ilipasuka, ikaingia serikali ya mseto ya Hosokawa Morihiro, na Agosti 6 Doi akachaguliwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, ndilo lile la chini. Mwanamke wa kwanza kwenye kiti kile. Kazi ya Spika, mbali na mambo mengine, ni kuita jina la kila anayepanda jukwaani. Fulani-kun. Akaanza kuita fulani-san.

San ni ya kila mtu. Ya daktari, ya muuza samaki, ya jirani, ya mwanamke na mwanamume, mkubwa na mdogo. Haipandishi wala haishushi. Bibi anasema mara ya kwanza alipoisikia kwenye televisheni alikuwa anamenya viazi, akasimamisha kisu. Wapo waliokereka kwamba mila ya miaka 100 inachezewa, na kwamba ukumbi umekuwa kama mkutano wa wazazi shuleni. Doi akaendelea kuita san. Waziri mkuu, san. Yule mzee wa LDP aliyezoea kuogopwa, san.

Miaka hii kumbukumbu zote za Bunge lao ziko mtandaoni, na kwa Kijapani changu kilichobaki nimewahi kukaa usiku kuzipekua za wakati wake. Kila anapofungua kikao, kabla ya maneno yake, waandishi wa kumbukumbu wanamtambulisha kwa mtindo uleule wa siku zote: Spika, mabano, Doi Takako-kun, funga mabano. Ukurasa baada ya ukurasa. Mdomo wake unasema san na karatasi inamwita kun. Alipoondoka kwenye kiti mwaka 1996, aliyemfuata akarudisha kun kwa mdomo pia.

Sehemu inayofuata ni chungu, nitaipita upesi. Mwaka 1994 chama chake kiliungana na adui yake wa miaka 40, LDP, ili mwenyekiti Murayama Tomiichi awe waziri mkuu. Murayama akatangaza bungeni kwamba Jeshi la Kujihami ni halali kikatiba, jambo ambalo chama kilikuwa kimelipinga tangu jeshi lile liundwe. Doi, mlinzi wa Ibara ya 9, alikuwa Spika, na Spika hana upande. Alfajiri ya Januari 17, 1995 tetemeko likaiangusha Kobe, mji wake, watu 6,434 wakafa, na serikali ya mwenzake ikalaumiwa kwa kuchelewa. Bibi alipoteza paa na dada. Hilo hakulisimulia, nililijua kwa picha ukutani.

Doi alirudishwa kuongoza kilichobaki, chini ya jina jipya la Chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia, mwaka 1996, wenzake wengi wakiwa wamehamia chama kingine. Viti 15 mwaka ule, 19 mwaka 2000. Septemba 2002 Korea Kaskazini ikakiri kwamba kweli iliwateka nyara raia wa Japani, na watu wakakumbuka jinsi Wasoshalisti walivyokuwa na urafiki na chama tawala cha Pyongyang, na jinsi familia za waliopotea zilivyowahi kumwendea Doi zisipate msaada. Aliomba radhi. Sidhani radhi inatosha hapo, na Bibi aliyempenda hivyo pia hakudhani. "Alisikia Katiba, hakusikia wale wazazi," alisema, kisha akabadilisha mazungumzo. Mwaka 2003 chama kikapata viti 6, yeye akashindwa jimboni, hapahapa Nishinomiya, akarudi bungeni kwa mlango wa uwiano wa kura tu. Akaachia uongozi. Mwaka 2005 akaanguka moja kwa moja. Alifariki Septemba 20, 2014, akiwa na miaka 85. Bibi alikuwa ametangulia miaka mitatu, mwanawe aliniandikia barua.

Oktoba 2025 simu yangu ilijaa. Makundi yote ya WhatsApp, hata lile la ukoo ambalo kazi yake ni michango ya harusi: Japani imepata waziri mkuu mwanamke, wa kwanza. Takaichi Sanae, mzaliwa wa Nara, msomi wa Chuo Kikuu cha Kobe, LDP. Shabiki wa Hanshin Tigers naye, wallahi. Lakini zaidi ya timu hawana kitu wanachokubaliana. Takaichi anataka Ibara ya 9 ibadilishwe. Sheria ya Japani inawalazimu mume na mke kuwa na jina moja la ukoo, na karibu mara zote anayeacha la kwake ni mke. Takaichi amepinga miaka mingi mke na mume waruhusiwe kubaki na majina tofauti, ingawa alipofunga ndoa tena na mumewe mwaka 2021, mume ndiye aliyechukua jina la Takaichi. Binamu yangu wa Mombasa akauliza kwenye kundi, huyu ni wetu au si wetu? Sikujibu, kwa kuwa jibu halikai kwenye ujumbe wa simu.

Nilichofanya ni kuhesabu miaka. Takaichi aliingia bungeni kwa mara ya kwanza kwenye uchaguzi wa Julai 1993, mgombea binafsi, miaka 32. Yaani bunge lilelile lililokutana Agosti na kumweka Doi kwenye kiti cha Spika. Miaka yake mitatu ya mwanzo, alipoitwa jina lake kutoka kiti kile, aliitwa na mwanamke, na aliitwa san.

Usiku nikatafuta video ya kikao cha Oktoba 21. Kura 237 kati ya 465. Spika, mwanamume mwenye mvi, akasimama na karatasi yake, akasoma matokeo, kisha akatangaza kwamba baraza limemteua kuwa waziri mkuu Takaichi Sanae-kun. Makofi. Yeye akainuka akainamisha kichwa, kushoto, kulia, nikairudisha video nyuma kidogo nimsikie tena yule Spika.